Posho ya Kuishi Kwetu

Dukani, Kariakoo
Jioni ya kuamkia safari yako

Rehema mwanangu,

Muda huu uko mtaa wa Gerezani kwa shangazi yako unasukwa nywele, na mimi nimekaa juu ya ndoo niliyoipindua, nyuma ya ndoo ambazo leo hazikupata mnunuzi, naandika. Barua hii nitaitia kwenye mkoba wako mdogo pamoja na karanga. Utaiona kabla hamjamaliza Mkuranga, maana karanga hazijawahi kukufikisha mbali.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji ya kunywa na kulala ndani ya chandarua. Hayo umeyasomea kwa ada yangu, na wewe ndiye utakayewaambia wengine. Nina jambo moja nimekuficha wiki nzima, linamhusu Masanja. Ila nikianza na Masanja utakasirika kabla basi halijavuka Rufiji, na hasira ndani ya basi haina pa kwenda. Kwa hiyo vumilia kwanza.

Siku majina ya ajira yalipotoka ulikuja dukani unakimbia, simu umeinua juu kama mtu aliyeokota. Ukanisomea: mteknolojia wa maabara, kituo cha afya Nakachindu. Ukaishusha simu. Yule mteja aliyekuwa anapiga ndoo makofi kuangalia kama ina ufa, akaiweka chini taratibu, akadhani tumefiwa.

Ukasema, "Mama, si ndiko kule?"

Ndiko kule. Tangu uko chekechea, kila ulipoleta daftari lenye kalamu nyekundu nyingi nilikuambia, "Usiposoma nitakupeleka Nakachindu." Watoto wa wenzangu walitishiwa zimwi, wengine polisi. Wewe nilikutishia kijiji nilichozaliwa. Na ulisoma! Ulisoma mpaka macho yakadai miwani. Umesoma, na bado umepelekwa Nakachindu, tena kwa barua ya serikali.

Halafu ukanisomea ule mstari wa chini, kwamba halmashauri ya huko huwapa posho kidogo watumishi wanaofanya kazi katika mazingira magumu. Hapo nikapandisha mori. Maneno hayo mimi nimeyazoea redioni: watoto wanaoishi katika mazingira magumu, yaani yatima na waliotelekezwa, wagawiwe madaftari na sare. Nikakuuliza, "Nani kakuandikisha yatima? Baba yako yuko hai, yuko nyumbani anakula!"

Ukacheka huku unalia, ukanieleza kwamba mgumu si wewe, ni mahali. Kwamba mshahara wa daraja lako ni mmoja nchi nzima, awe mtu yuko hapa kwenye kelele za Msimbazi au yuko mpakani anasikiliza vyura, na hako kaposho ni ka kumfariji aliyepelekwa mbali.

Kanti Bhai wa duka la vitambaa, ambaye amezaliwa mtaa huu huu na masikio yake yanavuka barabara bila yeye kunyanyuka, aliweka mkasi chini akaja.

"Mama Rehema, hebu nielewe. Serikali inamlipa mtoto akaishi kwenu?"

"Ndiyo."

"Na wewe ulipotoka kule, nauli ulijilipia?"

"Nilijilipia."

"Basi dada, ulikosea upande."

Akarudi kukata vitambaa vyake. Usiku ule nililala nikiwaza: nimekaa kwenye mazingira magumu tangu nazaliwa mpaka napanda lori kuja Dar, na hakuna aliyenipa hata pole. Kama serikali inalipa malimbikizo, kwangu wanaweza kuanzia mbali.

Sharti lako nalikumbuka vizuri. Ulisema utaenda kuripoti, lakini mimi nikutafutie mtu wa kubadilishana, mtumishi wa kazi yako aliyeko Dar anayetaka kutoka, ili ukimaliza muda unaotakiwa mpeane vituo, yeye aende kwako, wewe urudi kwangu. Nikasema, "Hilo niachie." Ukafuta machozi. Umefunga mizigo yote hii kwa kutegemea neno langu hilo, najua.

Sasa, kabla ya Masanja, nikueleze nilivyo mtu wa hesabu mbovu, ili ukifika kwake usishangae.

Nilipokuwa msichana, alikuja Nakachindu mama mmoja kutafuta wasichana wa kumsaidia kwenye biashara yake ya chakula hapa Dar. Akataja mshahara. Rehema, nilikaa chini. Nikaupigia hesabu palepale: kwa mwezi mmoja naweza kununua mbuzi, mwezi wa pili bati, kufikia mwaka mimi ni tajiri kijiji kizima kinaniamkia. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Kosa lake lilikuwa moja tu: mshahara ulikuwa wa Dar, na bei nilizotumia zilikuwa za Nakachindu. Nilifika hapa nikakuta maji yanauzwa. Kivuli kinauzwa, maana ukitaka kukaa penye kivuli uuze kitu, kuna mtu wa ushuru. Siku ya kwanza nilibanwa, nikaelekezwa choo, nikamkuta mzee mlangoni amekaa na bakuli la sarafu. Nikamwambia, "Baba, naingia kutoa, sichukui kitu." Akasema, "Wote wanasema hivyo."

Mbuzi sikumnunua.

Na baba yako alipata somo hilo hilo kwa upande wa pili. Aliajiriwa udereva wa serikali siku moja na mwenzake. Yeye akabaki Dar, mwenzake akapelekwa wilaya ya mbali huko bara. Cheo kimoja, mshahara mmoja. Baba yako alikuwa akisema, "Jamaa wamemzika." Miaka ikapita, aliyezikwa akaja mjini kikazi, akalala kwetu. Alikuwa na picha ya nyumba yake, vyumba vinne, banda la kuku nyuma. Sisi tulimpokea kwenye chumba kile chetu chenye pazia katikati, huku mimi na baba yako, huku wewe na kabati. Akalala upande wa kabati. Asubuhi akamuuliza baba yako kwa upole kabisa, "Hivi hapa mko kwa muda?"

Lakini nisikupambie. Mwenzake huyo mkewe alipougua macho walisafiri siku nzima kumfikia daktari, na watoto wake aliwalea kwa simu, wako bweni mbali. Ukiweka yote kwenye mizani sijui inalalia wapi. Juzi nilimuuliza baba yako yeye anaonaje, nani alipata na nani alikosa. Akasema, "Lakini mwenzangu alikuwa anakula kuku."

Haya, Masanja.

Nilimpata kwa mteja wangu mmoja muuguzi. Ni kijana, mtu wa Usukumani, kazi yake ni kama yako, maabara hapa mjini. Tukakutana kwenye ule mgahawa wa chai nyuma ya duka. Alikuja amebeba begi mgongoni kama mwanafunzi, macho mekundu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Mbona umechoka hivyo, umetoka safari?"

"Nimetoka Kibamba, Mama."

"Lini?"

"Kila siku."

Akaagiza chai, akaanza kunimwagia. Kwamba karibu na kazini kodi ya chumba inameza mshahara, kwa hiyo amerudi nyuma, akarudi nyuma, mpaka amefika Kibamba, ukingoni mwa jiji, na hata huko mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo. "Utadhani na mimi mshahara napewa wa miezi sita kwa mkupuo, Mama." Maji ananunua ya gari la boza. Mvua kubwa ikinyesha bonde la Jangwani linajaa maji, barabara inafungwa, analala kazini kwenye benchi la wagonjwa. "Asubuhi wanaamka wananiuliza na mimi naumwa nini."

"Na hawakuongezei chochote kwa kukaa Dar?"

"Dar? Dar inahesabiwa ni raha, Mama. Raha hailipwi."

Nikamwonea huruma, lakini nikamfurahia pia, maana mteja mwenye shida ndiye mteja. Nikavuta kiti. Rehema, mama yako anauza plastiki tangu hujazaliwa. Nimeuza ndoo zisizo na mkono kwa kumwambia mtu kwamba mkono ndio huwa unakatika. Nikamfungulia Nakachindu kama ninavyofungua mzigo.

"Maji yapo, Mama?"

"Yapo." Sikusema yako wapi.

"Nyumba ya mtumishi?"

"Ipo, hatua chache na kituo. Kodi utaisahau jina lake."

"Mtandao?"

"Unashika." Sikusema lazima upande juu ya kichuguu nyuma ya msikiti.

"Na ng'ombe? Mimi bila ng'ombe, Mama, najisikia kama mgonjwa."

"Nafasi ya ng'ombe ni kubwa sana," nikasema, na hiyo ni kweli, kwa sababu hamna hata mmoja.

"Umeme?"

"Nguzo zimeshafika."

Nilidhani nimempata. Badala yake akaweka kikombe chini, uso umeingia wasiwasi. "Zimesimamishwa?"

"Bado. Zimelala kando ya njia."

Akashusha pumzi. "Afadhali. Nimesikia mahali pakishapata umeme na lami wanasema si pagumu tena, posho inakatwa."

Nikamtazama. Msomi mzima, anaombea nguzo zisiamke! Nikamwambia asiwe na hofu, nguzo zile nazifahamu, ni za kulala.

Sasa sikia kilichonipata. Akauliza swali dogo tu, "Na chakula?" Nikaanza kumjibu kibiashara. Nikasema kuna mihogo, kuna kunde, korosho utachoka mwenyewe. Halafu nikafika kwenye ming'oko. Nikamweleza kwamba ni mizizi ya porini, inachimbwa, inachemshwa, unaimenya ingali moto, chumvi na pilipili, na wale wanaokula hawaongei mpaka sufuria iishe. Nikamweleza msimu wa mabibo, yale matunda ya mkorosho, kijiji kizima kinanukia utamu, hata mbuzi wanatembea kama waliotoka harusini. Nikamweleza upepo wa jioni unaopanda kutoka bondeni, kwamba mtu unajifunika shuka, hiyo feni unayolipia umeme hapa Dar huko utaifanyia nini. Nikaendelea. Hakuniuliza tena kitu, na mimi nikaendelea. Nilipokuja kushtuka chai yangu imepoa na mhudumu amesimama na sinia anasikiliza.

Masanja akanyoosha mkono. "Mama, nimekubali. Hata kesho."

Kawaida yangu mteja akisema nimekubali, nashika fedha kwanza, furaha baadaye. Siku ile mkono ulikataa kutoka mapajani. Nikasema, "Subiri kwanza."

"Kuna mtu mwingine ameshafika bei?"

"Hakuna."

"Unataka cha juu?"

"Masanja, mimi nina umri wa mama yako."

"Ndiyo maana nimeuliza kwa adabu."

Nikamwambia nitamjibu. Nikaondoka. Chai alilipa yeye, maskini, na nauli ya kurudi Kibamba bado ilikuwa inamsubiri.

Nikatembea mpaka dukani nimekunja uso, Kanti Bhai akaniuliza kama nimeibiwa. Nikamwambia nimejiibia. Miaka yote hii nauza vitu vya watu, sijawahi hata siku moja kununua bidhaa kwa maneno yangu mwenyewe. Siku ile niliinunua Nakachindu, Rehema. Nikawa naona kabisa: hiki kitu ni kizuri, kwa nini nakitoa kwa mtu baki na mwanangu yupo?

Hilo ndilo nililokuficha. Kila ulipouliza "Mama, yule mtu vipi?" nikakujibu "Tunaongea." Hatuongei. Anapiga simu sipokei. Unaondoka kesho ukidhani mlango wa kurudi nimeuzuia kwa kiti usijifunge, kumbe kiti nimekitoa nimekikalia mwenyewe. Kasirika. Basi lina muda mrefu na abiria wa jirani atadhani ni kichefuchefu.

Ukishamaliza, nikuuzie tena Nakachindu, safari hii kwa bei halisi.

Maji yako bondeni, na bonde ni refu. Utanunua ya kubebewa, kama hapa, ila huko anayebeba utamjua jina. Mboga na nyanya wakati wake utapewa bure mpaka uone aibu, na wakati si wake hutaona hata ya kunusa. Chochote kilichotoka bandarini kitakugharimu. Ndoo hii niliyoikalia, mpaka ifike Nakachindu imepanda lori, ikapanda pikipiki, na kila ilipopanda bei nayo ilipanda. Sabuni hivyo hivyo, dawa ya meno hivyo hivyo, vinafika vimechoka na uchovu wao unaulipa wewe. Ile posho nayo, mtu wa huko anayechukua ndoo kwangu ameniambia hutoka halmashauri ikipata mapato ya korosho. Yaani mvua ikikosea, nawe umekosa. Ipokee ikija, lakini usiikopee kitanda.

Hapa nyumbani tumekaa jioni zote hizi tukikupigia hesabu ya posho hiyo kwa bei za Kariakoo. Baba yako akatoa humo kodi ya hapa, akabaki na kidogo, akasema hailipi. Nilimwacha amalize ndipo nikakumbuka mbuzi wangu. Ni kosa lile lile, limegeuzwa kichwa chini. Mshahara wako usiupime ukiwa hapa. Usubiri uushike ukiwa umesimama pale utakapoutumia.

Na kuna gharama moja ambayo hata Masanja hakuiuliza: mjomba wako Ausi. Jana alipiga simu.

"Dada, daktari anakuja lini?"

"Si daktari, ni wa maabara."

"Ndiyo, daktari. Anakula kuku?"

"Anakula."

"Vizuri. Hapo kazini kwake mshahara huwa unatoka tarehe ngapi?"

Jina lako bado analikosea, anakuita Rahma, lakini tarehe ya mshahara ameshaiandika ukutani. Atakuchinjia kuku siku ya kwanza, na kuku huyo ni mtamu, kula. Kufikia msimu wa kupulizia mikorosho atakuja na habari ya hela ya salfa, dawa ya kupulizia. Hapa Dar ndugu anakuja na kilo mbili za karanga anakaa miezi miwili, na wapo wengi wa kugawana mzigo: yupo baba yako, nipo mimi, yupo shangazi. Huko mwenye mshahara wa kila mwezi ukoo mzima utakuwa wewe. Sijui nikushauri nini. Mimi dawa yangu ilikuwa kukaa mbali, nikaiita maendeleo. Wewe unaenda kukaa nyumba ya pili kutoka kwake.

Sasa Masanja. Atakupigia. Namba yako nilimpa mwenyewe siku ile, wakati bado namuuzia. Mimi sitamjibu tena, nimeshalijibia hili jambo mara mbili. Mara ya kwanza uliniomba, ya pili nilijituma.

Ukikuta Nakachindu kunakufaa, mwambie kubaya. Mwambie nguzo zimesimamishwa zote na posho imefutwa. Mwambie ng'ombe hamna. Atakata simu mwenyewe.

Ukikuta hakukufai, hapo usifanye kama mimi. Yule ana mke na watoto wawili, na amechoka. Mwambie ukweli wote, bonde, kichuguu, mjomba Ausi na tarehe zake. Huenda bado akataka, kwa sababu kinachokushinda wewe uliyelala Kariakoo kinaweza kumfaa mtu aliyelala kwenye benchi la wagonjwa. Akitaka baada ya hayo, peaneni vituo kwa moyo mweupe, urudi. Upande wako wa pazia sitampa mtu. Baba yako ameshauliza kama anaweza kuweka baiskeli, nimemkatalia.

Nasikia sauti yako kwa Kanti Bhai, unamuaga. Anakupunguzia bei ya kitambaa, kitu ambacho hajawahi kunifanyia mimi. Naifunga barua haraka.

Ila Rehema, mimi nikikupigia kukuuliza kukoje, usinifanyie biashara. Niambie kulivyo, hata kama ni kuzuri. Nitavumilia.

Mimi mama yako,
niliyekupeleka Nakachindu baada ya kukutishia miaka yote hiyo